Picha zako za simu na kamera: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuhifadhi, kutumiana na kusafisha

Haya ndiyo maswali ambayo watu wanaoleta picha kusafishwa Kampala hawachoki kuuliza, wawe wametoka Katwe, Arua, Busia, Kasese au makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali. Tumeanza na ya kawaida, tukamalizia na yale ya shida. Jibu likiwa limeshatolewa kwingine, tumekuelekeza kwa namba ya swali.

## Mambo ya kuanzia

1. Simu inasema nafasi imejaa. Nifute picha zipi kwanza?

Usiguse picha kwanza. Kinachojaza simu mara nyingi ni video, na video zenyewe wala si zako: ni mahubiri, vichekesho na "asubuhi njema" zenye maua zilizopita makundi matano kabla ya kukufikia. Dakika moja ya video ya simu inaweza kula MB 100 au zaidi, ilhali picha moja huwa MB 3 hadi 5. Ukifuta video moja ya kwaya ya dakika kumi, umepata nafasi ya picha zaidi ya mia mbili.

Ndani ya mipangilio ya WhatsApp kuna sehemu ya kusimamia hifadhi. Inakupangia mafaili kuanzia makubwa, na yale yaliyosambazwa mara nyingi yamewekwa kando yake. Anzia hapo. Kisha zima ile hali ya simu kupakua kila kitu yenyewe, hasa kama uko kwenye makundi ya ukoo. Picha ulizopiga mwenyewe zisubiri mpaka uwe na uhakika ziko kwingine (swali la 5).

2. GB 15 za bure za Google zinabeba picha ngapi?

Kama hakuna kingine ndani, picha kama 3,700 za MB 4 kila moja. Lakini kingine huwa kipo: GB hizo hizo zinagawanywa na barua za Gmail, mafaili ya Drive na, kwa wenye Android, bekapu ya WhatsApp. Zamani picha zilizopunguzwa ubora ziliingia Google Photos bila kikomo. Hilo lilikoma tarehe 1 Juni 2021, ndiyo maana mtu anashangaa "mbona zamani haikujaa?" iCloud ya Apple inakupa GB 5 tu bila malipo.

Google Photos ina chaguo la kubana picha. Ukilitumia, picha yenye zaidi ya megapikseli 16 (pikseli milioni 16, yaani zile nukta ndogo zinazounda picha) inapunguzwa hadi 16. Kwa albamu ya nyumbani hutaona tofauti. Kwa mpiga picha wa kazi, hapana, tunza zile halisi.

3. Nitajuaje kama picha niliyo nayo ni halisi au imepita WhatsApp?

Soma jina la faili. Kwenye Android, picha iliyopita WhatsApp huitwa kitu kama IMG-20240316-WA0007, na hizo herufi WA ndizo zinazosema ukweli wote. Picha iliyotoka kwenye kamera ya simu yenyewe huwa na tarehe na saa, kwa mfano 20240316_142530, yaani tarehe 16 Machi 2024, saa nane na dakika ishirini na tano mchana. Tazama pia uzito: ukikuta KB 180 badala ya MB 4, imebanwa. WhatsApp huondoa pia ile taarifa ya siri ndani ya picha inayosema ilipigwa lini na wapi, kwa hiyo ukizipanga picha hizo kwa tarehe zitakuchanganya.

4. Picha za iPhone yangu hazifunguki kwenye kompyuta ya dukani. Zimeharibika?

Hapana. Tangu mwaka 2017 iPhone hutunza picha kwa fomati ya HEIC, ambayo kompyuta za zamani haziijui. Ingia kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya fomati, uchague ile inayokubalika kwingi. Kuanzia hapo itapiga JPEG. Zilizopigwa kabla zitahitaji kubadilishwa, kazi ya dakika chache.

## Kuhifadhi

5. Nihifadhi wapi picha ili zisinipotee?

Si mahali pamoja. Peter Krogh, mpiga picha wa Marekani, ndiye aliyeueneza utaratibu ambao mafundi wengi wanaufuata: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Kwa mtu wa kawaida hapa maana yake ni hii: picha ziko kwenye simu, ziko kwenye diski ya nje kabatini, na ziko ama kwenye wingu la intaneti (hifadhi ya mtandaoni kama Google Photos) ama kwenye flashi inayokaa kwa dada yako Mbarara.

Hiyo ya nje ya nyumba watu huidharau. Mwizi akiingia habebi laptopu akakuachia diski, na maji yakijaa Bwaise hayaulizi kipi ni nakala. Diski inayotembea ndani ya begi moja na laptopu usiihesabu.

Jambo jingine: kuhamisha si kunakili. Kila wiki anakuja mtu aliyetoa picha zote kwenye simu, akaziweka kwenye diski, akafuta simu ili apate nafasi, kisha diski ikaanguka. Anasema, "Lakini nilifanya bekapu!" Hakuwa na bekapu, alikuwa na nakala moja iliyohama nyumba.

6. Sina kompyuta kabisa. Nifanyeje?

Nunua waya mdogo wa OTG, ule wa kuunganisha flashi na simu, au flashi yenye vichwa viwili, kimoja cha kompyuta na kingine cha simu. Unachomeka flashi moja kwa moja kwenye simu ya Android, unafungua programu ya mafaili, unachagua folda ya DCIM, ambamo ndimo kamera inamoweka picha, unanakili. Fanya flashi mbili, mpe moja mtu unayemwamini.

Memori kadi iliyo ndani ya simu usiihesabu kuwa nakala ya pili. Simu ikinyakuliwa dirishani mwa taksi, kadi inaondoka nayo.

7. Bando ni ghali na intaneti yenyewe inaweza kuzimwa. Wingu lina faida gani?

Ni swali la haki. Kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza Julai 2018 iliondolewa Julai 2021, lakini mahali pake ukaja ushuru wa asilimia 12 juu ya data. Na Januari 2021, kuelekea uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na picha zake zote mtandaoni hakuweza kusafisha hata moja.

Lakini tofautisha kupotea na kutofikika. Zile picha zilikuwepo palepale intaneti iliporudi, ilhali simu iliyoibwa hairudi. Kwa hiyo wingu ni nakala ya tatu, isiwe ya kwanza. Weka Google Photos ipakie kwa Wi-Fi tu, tumia Wi-Fi ya ofisini kama bosi anaruhusu, au bando la usiku. Usijaribu kupakia picha zote za miaka sita kwa mara moja: picha 3,000 ni kama GB 12. Pakia mwaka mmoja mmoja, ukianza na ule ambao ungelia zaidi ukiupoteza.

Tahadhari moja: Google ina ruhusa ya kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka miwili, pamoja na picha zilizomo. Ile akaunti uliyofungua ukiwa chuo na kuisahau, ingia leo.

8. Nimeuziwa flashi ya GB 512 kwa bei ya chee. Mbona picha zangu nyingine hazifunguki?

Uwezekano mkubwa ni bandia. Ndani kuna chipu ya GB 8 au 16 iliyofundishwa kuidanganya kompyuta kwamba ni GB 512. Inapokea picha bila kulalamika. Ikishajaa ile nafasi yake ya kweli, zinazofuata zinaandikwa juu ya zilizotangulia au zinaandikwa hewani. Majina utayaona, picha hakuna.

Kabla ya kuiamini flashi au memori kadi mpya, ipime. Kwenye Windows kuna programu ya bure iitwayo H2testw, inayoijaza flashi yote kisha inasoma ilichoandika. Inachukua saa nyingi, lakini afadhali ujue leo ukiwa na risiti. Muuzaji asiyekubali kuandika risiti, mwachie flashi yake.

9. Flashi au diski inakaa miaka mingapi?

Hakuna wa kukuapia. Flashi na memori kadi hushikilia data kwa chaji ndogo za umeme ambazo huvuja polepole kifaa kikikaa bila kutumiwa, na joto huongeza kasi hiyo. Diski za kuzunguka hufa kwa kuanguka na kwa umeme kukatika zikiwa kazini. Ukinakili, nakili kwa laptopu yenye betri, na toa diski kwa utaratibu wake, usiichomoe tu. Chomeka kila kifaa angalau mara moja au mbili kwa mwaka, fungua picha kadhaa za huku na huku, na ukiona dalili ya ukaidi, hamisha mapema.

10. Flashi ina nafasi ya GB 20, lakini video ya harusi ya GB 6 inakataa kuingia. Kwa nini?

Flashi hiyo imefomatiwa kwa FAT32, ambayo haikubali faili moja linalozidi GB 4. Hamisha vilivyomo, ifomati kwa exFAT, jaribu tena. Kufomati kunafuta kila kitu, kwa hiyo lile neno "hamisha" usiliruke.

11. Nina picha elfu nane zisizo na mpangilio. Nianzie wapi?

Anzia leo, usianzie zamani. Fungua folda ya mwaka huu na uwe unaipa kila shughuli jina linaloanza na mwaka, mwezi, siku, kisha tukio na mahali: "2024-03-16 Kwanjula ya dada, Masaka" (kwanjula ni ile sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi). Ukianza na mwaka, kompyuta yenyewe itazipanga kwa mfuatano. Za nyuma zirundike kwenye folda za mwaka tu, bila kujitesa, uwe unazichambua ukiwa kwenye foleni au mvua ikikuzuia.

Kisha andika majina ya watu. Hili halina haraka leo ila litakuwa na thamani kuliko yote baadaye. Mwaka 2015, kwenye shirika la utangazaji la UBC hapa Kampala, lilifunguliwa kabati lenye negativu (zile filamu za kusafishia picha) zipatazo 70,000 za wapiga picha wa serikali, nyingi za enzi ya Idi Amin. Baadhi yake zilionyeshwa kwenye Makumbusho ya Uganda mwaka 2019. Bahasha zilikuwa zimeandikwa tarehe na tukio. Bila yale maandishi ya karani, mtafiti angebaki na nyuso za watu asiowajua kwenye viwanja asivyovijua. Picha za harusi yako zitakuwa hivyo hivyo kwa mjukuu wako, na wewe ndiye karani.

Namna rahisi: ndani ya kila folda weka faili dogo la maandishi, "kutoka kushoto: shangazi wa Hoima, mume wake, jirani yetu wa Nsambya aliyetukopesha gari". Vitu kama hivyo ndivyo watu husahau kwanza.

## Kutumiana

12. Nitumeje picha kwa WhatsApp bila kuharibika?

Itume kama hati, si kama picha. Bonyeza alama ya kuambatisha, chagua hati, kisha itafute picha yako humo. Inafika ilivyo, na tarehe yake ndani. Tangu 2023 kuna pia kitufe cha HD, ambacho ni bora kuliko kawaida ingawa bado kinabana.

Ukituma kwa njia ya kawaida, upande mrefu wa picha hushushwa hadi pikseli 1600 hivi. Kutazama kwenye simu inatosha. Kwa kusafisha, soma swali la 17 kwanza.

13. Ndugu wako Juba, Kisangani na Toronto. Nitawapaje picha 800 za harusi?

Usizimwage kwenye kundi la ukoo. Utamaliza bando la bibi ambaye alitaka kuona picha tatu tu, na simu yake ya GB 16 itakwama. Tengeneza albamu ya Google Photos, tuma kiungo. Kila mtu anachukua anayoitaka. Kwenye kundi weka kumi nzuri.

Kumbuka tu kwamba mwenye kiungo anaweza kumpa mwingine. Zima kiungo baada ya miezi kadhaa. Na Facebook usiitegemee kwa ndugu walio hapa nchini: ilifungwa Januari 2021, na tangu hapo wengi wanaingia kwa VPN tu, ile programu ya kukwepa kufungwa.

14. Kuna njia ya kupeana picha bila kutumia bando hata kidogo?

Ipo, na ni ya haraka kuliko intaneti. Simu mbili za Android zikiwa karibu hutumiana kwa Quick Share. iPhone kwa iPhone ni AirDrop. Kati ya aina tofauti, watu wengi hapa wanatumia Xender. Zote hupitisha picha kwa Wi-Fi ya simu zenyewe, bila kugusa MB zako, na hazibani ubora. Siku ya kwanjula, kabla watu hawajapanda magari kurudi kwao, ndiyo nafasi ya kukusanya picha zilizo kwenye simu za wengine. Kesho yake utaanza kuwabembeleza.

15. Nikituma picha kwa WhatsApp ya duka la kuprinti, zinabaki kwao?

Zinabaki, isipokuwa wamezifuta. Kwenye kompyuta nyingi za dukani folda ya vitu vilivyopakuliwa ina vitambulisho vya taifa, vyeti vya kuzaliwa na picha za watu wa mwaka jana. Peleka kwa flashi, simama pale, na uombe zifutwe mbele yako, pamoja na pipa la taka. Kamwe usifungue barua pepe yako au WhatsApp yako kwenye kompyuta ya duka. Kama umeshafanya hivyo, ingia kwenye simu sehemu ya vifaa vilivyounganishwa uviondoe vyote.

16. Naruhusiwa kuweka mtandaoni picha za watoto wa shule au wa jirani?

Omba ruhusa ya mzazi kwanza. Hiyo ni adabu, na sheria nayo imeingia humo: Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaja mtoto kwa namna ya pekee, na marekebisho ya mwaka 2022 ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta yaliweka katazo la kusambaza habari za mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi. Hata kwa mtoto wako mwenyewe, tazama kama beji ya shule inasomeka.

## Kusafisha na kuprinti

17. Picha yangu inaweza kutoka ukubwa gani?

Hesabu ni pikseli 300 kwa kila inchi moja ya karatasi. Picha ya inchi 4 kwa 6 inahitaji pikseli 1200 kwa 1800. Ya 5 kwa 7 inahitaji 1500 kwa 2100. Ya 8 kwa 10 ni 2400 kwa 3000, na A4 ni karibu 2480 kwa 3508. Simu yoyote ya megapikseli 12 inafika A4 bila wasiwasi, kama mwanga ulikuwa mzuri.

Picha ya WhatsApp ya pikseli 1600 itatoka vizuri kwa 4 kwa 6, itavumilika kwa 5 kwa 7, na kwa A4 itakuaibisha. Mabango ya kutazamwa kwa mbali yana uhuru zaidi: hata pikseli 100 kwa inchi zinatosha. Ndiyo maana vijana wa Nasser Road wanaweza kukutolea bango la mita mbili kutoka kwenye faili ambalo lisingefaa kwa albamu.

18. Kwa nini vichwa vya watu wa nyuma vimekatwa?

Umbo la picha ya simu na umbo la karatasi havilingani. Simu hupiga kwa uwiano wa 4 kwa 3. Karatasi ya 4 kwa 6 ina uwiano wa 3 kwa 2. Mashine ikijaza karatasi, inaondoa karibu sehemu moja ya tisa ya urefu wa kwenda juu. Katika picha ya ukoo, wale warefu waliosimama nyuma wanapoteza nywele, na mama waliokaa mbele wanapoteza pindo la gomesi.

Kuna njia mbili. Mwambie fundi asijaze karatasi, aache ukingo mweupe pembeni. Au chagua saizi inayolingana na simu, kama 6 kwa 8. Na ukiwa unapiga, rudi nyuma hatua mbili. Fundi asiyekuuliza "nikate au niache ukingo?" anaharakisha foleni tu.

19. Mbona nimetoka mweupe kuliko nilivyo?

Mashine nyingi zina marekebisho ya kiotomatiki, na marekebisho hayo yakiona uso mweusi yanadhani picha ina giza, yanaongeza mwanga. Tatizo hili lina umri: kadi ambazo Kodak ilizisambaza kwenye maabara kupimia rangi, zilizojulikana kama Shirley, kwa miaka mingi zilikuwa na mwanamke mzungu, na rangi zote zikalinganishwa na ngozi yake. Filamu imeondoka, tabia imebaki. Simu nayo huongeza lake kwa kile kichujio cha urembo ambacho watu hawajui kama kimewashwa.

Zima kichujio. Dukani mwambie fundi azime marekebisho, atoe picha moja ya majaribio kabla ya zote. Maharusi wenye ngozi nyeusi na gauni jeupe ndio mtihani wenyewe: fundi mzuri atakuonyesha mikunjo ya gauni na mashavu ya bibi harusi kwenye karatasi moja.

20. Picha za duka moja zinafifia baada ya mwaka, za duka jingine hapana. Tofauti ni nini?

Ni mashine na karatasi. Maabara yenye karatasi ya kemikali hutoa picha inayodumu kwa miongo ikitunzwa. Mashine ndogo za joto, zile za kungoja dakika moja, huweka tabaka la plastiki juu, kwa hiyo hazichuji kwa maji. Printa ya wino wa bei nafuu inaweza kutoa picha nzuri leo, lakini gusa kwa kidole chenye jasho uone. Na printa ya ofisi kwenye karatasi ya kawaida haijasafisha picha, imetoa fotokopi.

Ukiweka kwenye fremu, picha isigusane na kioo. Hewa ya Entebbe na Jinja ina unyevu wa ziwa. Karatasi hunata kwenye kioo, na ukiivuta uso wa mtu unabaki kiooni. Kati ya picha na kioo weka kartoni nyembamba yenye dirisha. Usitundike panapopigwa na jua la mchana wala kwenye ukuta unaovuja. Na masanduku ya albamu yasikae sakafuni, mchwa wapo.

21. Na picha za viza?

Kila ubalozi una masharti yake, kwa hiyo njoo nayo yamechapwa. Ya Marekani ni inchi 2 kwa 2, mandhari meupe, bila miwani. Ile ya kompyuta iwe mraba, pikseli 600 hadi 1200, isizidi KB 240. Usikubali fundi akulainishe ngozi.

## Picha za zamani

22. Nina picha za mzee za miaka ya sitini. Nizinakilije?

Kwa skana, pikseli 600 kwa inchi, kwa sababu picha za wakati ule huwa ndogo. Kama ni negativu, inahitaji skana maalumu na kiwango cha 2400 au zaidi. Negativu usizitupe hata kama zinaonekana takataka. Huna skana? Toa picha kwenye kioo, ilaze karibu na dirisha lenye mwanga usio wa jua kali, zima flashi ya simu, piga kutoka juu simu ikiwa sambamba na picha.

Piga na upande wa nyuma. Muhuri wa studio na maandishi ya kalamu mara nyingi ndiyo ushahidi pekee wa mwaka. Ukitaka kuongeza majina nyuma, tumia penseli laini. Biro huchimba na wino wake hupenya. Kisha kaa na mama au babu, mtolee picha moja moja, na urekodi sauti anavyozungumza.

23. Niilaminishe ili isiharibike?

Hapana, tafadhali. Laminesheni ni joto na gundi, na haitoki tena. Tumeona picha za ndoa ambazo familia ilizilaminisha kwa mapenzi, na ndani ya miaka michache unyevu umeingia pembeni, picha imeota madoadoa ndani ya plastiki pasipofikika. Skani kwanza, safisha nakala, laminisha nakala. Ile halisi iweke kwenye bahasha ya karatasi, mahali pakavu.

## Yakishaharibika

24. Nimefuta picha kwa bahati mbaya. Zinarudi?

Tazama pipa la taka kwanza. Google Photos hutunza picha iliyokuwa imepakiwa kwa siku 60, isiyopakiwa kwa siku 30. iPhone nayo siku 30. Kama ni memori kadi ya kamera, acha kuitumia dakika hiyo hiyo. Picha iliyofutwa bado imo mpaka nyingine iandikwe juu yake. Programu ya bure ya PhotoRec hurudisha nyingi. Zihifadhi kwenye diski nyingine, si kwenye kadi ile ile.

25. Nimetoka kuprinti, flashi imejaa njia za mkato na folda zangu hazionekani.

Ni kirusi, na picha zako bado zimo, zimefichwa tu. Usifomati, na usibofye hizo njia za mkato. Mpe mtu anayejua kompyuta, asafishe kirusi kisha aondoe ufiche kwa amri ya attrib. Siku nyingine nenda na flashi yenye picha za kusafisha tu. Zile nyingine zibaki nyumbani.

26. Tumefiwa, na picha pekee ya marehemu ni ile ya wasifu wa WhatsApp. Mazishi ni kesho.

Poleni sana. Picha ya wasifu huwa na pikseli 640 hivi kila upande, yaani inchi 2 safi. Kwa pikseli 100 kwa inchi inafika inchi 6, ambayo kwa picha ya kubebwa mbele ya jeneza inakubalika. Msilazimishe iwe A3.

Kabla ya kuikubali hiyo, piga simu mbili tatu. Mwulize aliyepiga picha za harusi ya mwisho aliyohudhuria, katibu wa kanisa au msikiti, mwenzake wa kazini. Mara nyingi marehemu yumo pembeni ya picha ya mtu mwingine, akicheka, kwa pikseli za kutosha. Fundi anaweza kumtoa humo na kumwekea mandhari tulivu.

Programu za akili bandia za kung'arisha picha tunazitumia kwa tahadhari. Picha ikiwa ndogo sana, programu haioni macho, inayabuni. Matokeo yake ni uso safi wa mtu anayefanana na marehemu, na mama mzazi ataligundua hilo kabla ya mtu yeyote. Mwonyesheni mtu mmoja wa karibu kabla ya kuprinti.

27. Marehemu alikuwa na picha zote kwenye akaunti yake na hatujui neno la siri.

Kama simu yake bado inafunguka, nakilini kila kitu leo kabla laini haijafungwa, kisha muendelee na mengine. Kama haifunguki, Google na Apple wana utaratibu wa familia kuomba, lakini ni wa polepole, unadai hati, na jibu linaweza kuwa hapana.

Walio hai wana njia fupi. Kwenye akaunti ya Google kuna mpangilio wa akaunti isiyotumika: unachagua watu hadi kumi watakaopewa data yako ukikaa kimya kwa muda ulioupanga, kuanzia miezi mitatu. Kwenye iPhone kuna kitu kama hicho, unamteua mrithi na kumpa msimbo. Ni kazi ya dakika kumi.

28. Mpiga picha wa harusi anasema amefuta picha zetu. Ana haki?

Inategemea mliandikiana nini, na wengi hawakuandikiana kitu. Wapiga picha hawawezi kubeba GB 60 za kila Jumamosi milele. Kabla ya kulipa amana, andikeni: mtapewa lini, mafaili halisi au yaliyobanwa, kwa kifaa cha nani, na yeye atayatunza kwa muda gani baada ya kuwakabidhi. Mkikabidhiwa, fungueni diski palepale mbele yake, mtazame picha za mwanzo, za katikati na za mwisho, ndipo mmalizie malipo. Kisha rudini swali la 5.